Walidhani yumo msafarani

 

Leo ukitoka ibadani huenda utapitia sokoni, maana kwa wengi wetu Jumapili ndiyo siku ya kununua cha wiki nzima. Kama uko Kigoma utaingia soko la Mwanga kutafuta nyanya na ndizi, au utakwenda soko la Ujiji, au utashuka hadi mwalo wa Kibirizi uwapate migebuka na dagaa wakiwa bado wanang'aa. Mkono mmoja una Biblia na mfuko, mgongoni yupo mtoto mchanga, na nyuma yako wanafuata wawili waliovaa nguo za Jumapili. Nataka leo tuzungumze juu ya hao wawili wa nyuma. Nani anawatazama?

Usinijibu haraka. Mariamu na Yusufu nao walikuwa na jibu.

Habari yao iko katika Injili ya Luka sura ya 2, kuanzia mstari wa 41. Walikuwa wametoka Yerusalemu kwenye sikukuu ya Pasaka, wanarudi Nazareti, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, kama mtu anayetoka Kigoma mjini akaipita Kasulu. Walikuwa katika kundi kubwa la ndugu, jamaa na majirani. Yesu alikuwa na umri wa miaka 12. Walitembea siku nzima kabla hawajagundua kwamba hayupo, wakaanza kumtafuta kwa jamaa na watu waliofahamiana nao, wasimwone. Ikawabidi warudi Yerusalemu. Walimpata baada ya siku tatu.

Luka anatuambia sababu kwa maneno machache sana: walidhani yumo msafarani. Haandiki kwamba Yesu alikuwa mtoto mtukutu, wala kwamba mama yake alikuwa mzembe. Wapo wafafanuzi wa zamani waliosema kwamba katika misafara ile wanawake walitembea peke yao na wanaume peke yao, hivyo mama alidhani mtoto yuko kwa baba, na baba alidhani yuko kwa mama. Iwe hivyo au isiwe hivyo, kila mzazi aliyewahi kwenda na mwenzake sokoni anaielewa hesabu hiyo. Watu wazima wakiwa wawili, mtoto ana walinzi wawili. Wakiwa kumi, ana walinzi kumi. Na kumbe hana hata mmoja, kwa sababu kila mmoja amemwachia mwenzake.

Tuna desturi ya kumlaumu mtoto. Mtoto akipotea sokoni, neno la kwanza ni kwamba hasikii. Akivunja chupa dukani, tunasema hana adabu, na jirani aliye karibu anatukumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naona methali hiyo mara nyingi tunaitumia kumwaibisha mama ambaye ana mikono miwili tu, mmoja umeshika mzigo na mwingine unahesabu chenji. Kwa Mariamu hapakuwa na tatizo la malezi. Luka mwenyewe anamsifu mtoto huyo kwamba alikuwa akiongezeka katika hekima. Mtoto mwema alibaki nyuma, na wazazi wema hawakujua. Tukianzia hapo tutaacha kuona aibu, na tutaanza kuangalia njia tunazopita.

Tazama Kibirizi asubuhi ya siku za giza, mwezi unapokuwa haupo na dagaa wanapatikana kwa wingi. Mitumbwi inaingia na taa zake za usiku, wachuuzi wanakimbilia majini na ndoo, wabebaji wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele ya kuomba njia, na mchanga mzima umetandazwa dagaa wanaoanikwa. Hapo hapo kuna boti za abiria zinazopakia watu wa vijiji vya kaskazini, wa upande wa Gombe hadi Kagunga. Mtoto wa miaka minne hapo anaonana na miguu na ndoo tu, uso wa mama yake uko juu sana asikoweza kuuona. Akiachia kitenge kwa sekunde tano kushangaa samaki, mbele yake kuna vitenge mia. Atafuata kimojawapo. Na maji yako hatua chache. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 katika sehemu yake ya ndani kabisa, la pili duniani baada ya Baikal la kule Urusi, lakini mtoto hahitaji kina hicho chote. Maji ya kiunoni kwako kwake ni mwisho.

Sokoni penyewe hakuna ziwa, ila kuna karai la mafuta ya maandazi lililowekwa chini usawa wa kifua chake, kuna mawese yaliyomwagika sakafuni, kuna kisu cha muuza nyama, na ukitoka tu langoni kuna bodaboda na bajaji zinazogombania abiria. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mwanza wanaokwenda supamaketi wasidhani wao wamepona. Mtoto anayesimama ndani ya toroli huanguka na kichwa, rafu ya chupa inamvuta kama vile samaki wanavyomvuta wa Kibirizi, na mlango ule unaofunguka wenyewe unampeleka moja kwa moja kwenye maegesho ya magari.

Ujiji inalijua neno msafara kuliko miji mingi. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo iliishia hapo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, na mwaka 1871 ndipo Stanley alipomkuta Livingstone. Watoto wetu wanafundishwa kuhusu mwembe na kukutana kwa wazungu wawili. Hawafundishwi vya kutosha kwamba misafara ile ilibeba pembe za ndovu pamoja na watu, na kwamba miongoni mwa watu hao walikuwamo watoto waliotenganishwa na mama zao, wakauzwa kama bidhaa. Katika pwani hii ya ziwa mtoto aliwahi kuwa kitu cha kununuliwa sokoni.

Mmoja wa watoto wa namna hiyo alikuja kuishi kusini mwa ziwa hili hili, ingawa alitokea mbali. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari tunaowaita Mapadri Weupe. Wakamsomesha udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ambako aliwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya miaka 60 akina mama wa Karema walipeleka watoto wao wagonjwa kwa mtu ambaye mama yake hakumwona tena. Ninapoona mtoto amesimama peke yake kati ya meza za soko, analia, na watu wanampita, huwa namkumbuka Atiman. Huwezi kujua huyo unayempita ni nani.

Sasa nirudi kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni vitisho. Mtoto akilia sokoni tunamwambia: "Nyamaza, la sivyo namwita polisi akuchukue." Au: "Haya, baki hapa, mimi naenda." Mtoto ananyamaza, nasi tunaona dawa imefanya kazi. Lakini fikiri siku atakayopotea kweli. Mtu anayeweza kumsaidia amevaa sare, na sisi ndio tuliomfundisha kumkimbia. Vituo vingi vya polisi siku hizi vina Dawati la Jinsia na Watoto, lililowekwa kwa ajili yake, ila yeye atajificha chini ya meza ya muuza mitumba kwa sababu mama alisema polisi wanachukua watoto. Na yule aliyeambiwa "baki hapa, mimi naenda" ataamini kwamba ameachwa kwa sababu ya ubaya wake. Hatakuita kwa sauti. Atasubiri adhabu iishe.

Zipo pia adabu tunazomfundisha nusu. Tunamfundisha kutoa shikamoo kwa kila mkubwa, na hilo ni jema, nisieleweke vibaya. Hatumfundishi kwamba anaweza kumwamkia mtu mzima na bado akakataa kwenda naye. Mwambie waziwazi: mtu akikuita, akikupa pipi, akisema ametumwa na mama, mwamkie na ukatae, ukimbilie kwa mama yeyote anayeuza mezani. Muuzaji wa mezani hahamihami, na ana majirani wanaomjua. Huyo ndiye mtu wa kukimbilia.

Halafu muulize mtoto wako jina lako. Watoto wengi wa miaka mitano wanajua kwamba mama anaitwa Mama, au Mama Neema, na Neema ni yeye mwenyewe. Kigoma nzima ina akina Mama Neema wangapi? Afahamu majina yako mawili, mtaa, jina la kanisa, na kama anaweza namba ya simu. Mtoto aliyekuja kutoka kijijini likizo huenda anazungumza Kiha zaidi kuliko Kiswahili, na anayetoka ng'ambo ya ziwa ana lugha yake. Hao wapate muda zaidi nyumbani kabla ya kutoka. Na ninyi wazazi mfahamu namba 116, ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bila malipo. Ujiji ina misikiti mingi, na mtoto akipotea, mara nyingi kipaza sauti cha msikiti ndicho kinachotangaza rangi ya shati lake. Hawaulizi kwanza kama ni wa Jumapili au wa Ijumaa. Makanisa yetu nayo yana vipaza sauti vikubwa sana.

Kuhusu ile "Mama ninunulie", Bwana wetu mwenyewe alitumia mfano wa samaki. Katika Mathayo sura ya 7 anauliza ni nani atakayempa mwanawe nyoka anapoombwa samaki. Sisi hatutoi nyoka, tunatoa "kesho". Kesho nitakununulia, na kesho haifiki, naye amejifunza kwamba neno la mama sokoni halina uzito. Siku utakapomwambia "simama hapo, usivuke", litakuwa neno la mtu yule yule. Bora "hapana, leo hela ni ya chakula" iliyosemwa kabla ya kutoka nyumbani. Na akichukua embe mezani bila kulipa, rudini wote wawili kwa mwenye embe. Yeye alitoe kwa mkono wake, wewe uombe radhi kwa mdomo wako, bila kumpiga mbele za watu. Dakika tatu zinatosha.

Kanisani nako tuna msafara wetu. Watoto wa shule ya Jumapili mara nyingi hutoka kabla ya watu wazima. Nje kuna mnada wa sadaka za mazao: kuku, mananasi, dumu la mawese, na wazee wanashindana kwa furaha kupandisha bei. Mwalimu wa watoto anadhani wamewafuata wazazi, na wazazi wanadhani bado wako kwa mwalimu. Lango liko wazi na barabara iko pale. Wazee wa kanisa, kumweka mtu mmoja langoni hadi mnada uishe hakuhitaji kikao.

Na wakati huo huo, wapo watoto wengine sokoni ambao hawakuja na mzazi: wanaouza karanga, wanaouza mifuko mbadala, wanaokubebea mzigo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na haibagui mwenye nguo za Jumapili na mwenye sinia kichwani. Ukimlipa, muulize jina na kama anasoma.

Mtoto akipatikana, wengi wetu mkono unatangulia. Hofu yote ya nusu saa inashuka kwenye shavu lake mbele ya soko zima. Mariamu alikuwa na hofu ya siku tatu. Alipomwona, alimuuliza kwa nini amewatenda hivyo, akamweleza uchungu waliokuwa nao. Jibu alilopewa hawakulielewa, Luka anasema wazi. Hata hivyo walirudi Nazareti pamoja naye, na mama akayaweka yote moyoni. Kwa hiyo mshike kwanza. Mpe maji. Mshukuru aliyekaa naye. Kisha keti naye pembeni umuulize alipita wapi, na umwache akuonyeshe kwa kidole.