Je, Wajua? Toph alikusudiwa awe mvulana

Msimu wa pili wa katuni ya *Avatar: The Last Airbender*, ulioonyeshwa na Nickelodeon ya Marekani mwaka 2006 kwa vipindi 20, ndio uliomleta Toph, binti kipofu anayemfundisha Aang, shujaa wa katuni hiyo, kuitawala ardhi. Kwenye michoro ya mwanzo, mwalimu huyo alikuwa mvulana mwenye misuli. Mwandishi mkuu, Aaron Ehasz, akashikilia kwamba awe msichana mdogo, na kwa maoni yangu hakuna uamuzi uliofaa zaidi.

Hata mapigano yake ni ya peke yake. Watawala ardhi wengine hupigana kwa Hung Gar, kungfu ya Kichina yenye miguu iliyokita chini. Toph amepewa mtindo wa Vunjajungu wa Kusini, wa hatua fupi na mikono ya haraka. Hutembea pekupeku, maana nyayo ndiyo macho yake: huhisi mtikisiko wa ardhi na kumjua adui kabla hajamfikia. Jangwani, penye mchanga tifutifu, anababaika. Lakini mfungie ndani ya sanduku la chuma uone! Huko ndiko anakogundua namna ya kukunja chuma, jambo ambalo wenzake hawakulidhania.

Msimu huohuo ulipatwa pia na msiba: mwigizaji Mako, sauti ya mhusika Mjomba Iroh, alifariki Julai 2006 ukiwa bado unaendelea. Sehemu ya Iroh katika kipindi cha “The Tales of Ba Sing Se” ilitolewa kwa kumbukumbu yake, na msimu wa tatu nafasi ya Mako ikachukuliwa na Greg Baldwin.