Swapu ya Linux: Usikimbilie Kushusha Namba

Anayetumia Linux kwenye kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 hachelewi kupewa ushauri huu: shusha vm.swappiness kutoka 60 hadi 10, mashine itakuwa nyepesi. Mara nyingi huongezewa maelezo kwamba 60 ni asilimia, yaani RAM ikibakiwa na asilimia 60 ya nafasi, mfumo huanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Maelezo hayo si sahihi, na kwa sababu hiyo ushauri wenyewe huwafaa baadhi ya watu na kuwaumiza wengine bila kujua kilichowapata.

Swapu, yaani sehemu ya diski inayopokea kumbukumbu zinazotolewa kwenye RAM, ni ya tangu utoto wa Linux. Desemba 1991, miezi michache baada ya Linus Torvalds kuutangaza mfumo wake kutoka Helsinki, mtumiaji mmoja wa Ujerumani alikuwa na kompyuta yenye RAM ya megabaiti 2 tu. Alitaka kukompaili kerneli, yaani kiini cha mfumo, lakini RAM haikutosha kuendeshea kikompaila. Torvalds akaandika sehemu inayohamishia kurasa za kumbukumbu kwenye diski, nayo ikatoka katika toleo la 0.12 Januari 1992. Kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya mwenye mashine dhaifu, na hadi leo huyo ndiye anayeihitaji zaidi.

Kerneli huigawa RAM katika kurasa, ambazo kwenye kompyuta nyingi zina kilobaiti 4 kila mmoja. Zipo za aina mbili. Za kwanza zina asili yake kwenye diski, kama vile msimbo wa kivinjari, maktaba za programu au waraka uliofunguliwa. Nafasi ikihitajika, ukurasa wa namna hiyo ambao haujabadilishwa hufutwa tu, maana unaweza kusomwa tena kutoka kwenye faili lake. Za pili hazina faili. Ni data ambazo programu imezizalisha ikiwa kazini: yaliyomo kwenye vichupo vya kivinjari, barua ambayo hujaihifadhi, picha unayoihariri. Hizi hazifutiki. Njia pekee ya kuziondoa kwenye RAM wakati programu bado inazihitaji ni kuziandika kwenye swapu.

RAM inapobana, kerneli lazima itoe kurasa fulani, na swappiness huieleza ielemee upande upi. Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2020, namba hii inaanzia 0 hadi 200. Ukiweka 100, umesema gharama ya kutumia swapu ni sawa na ya kusoma faili upya. Kwa 60 ya kawaida, kurasa zisizo na faili hupewa uzito wa 60 na zile za faili uzito wa 140, kwa hiyo kerneli tayari inaelemea kufuta za faili. Hakuna mahali namba hiyo inapopima RAM imejaa kiasi gani.

Sasa fikiria umeweka 10. Kila RAM inapobana, karibu mzigo wote unaziangukia kurasa za faili. Ukirudi kwenye kivinjari baada ya kuandika waraka, msimbo wake inabidi usomwe upya, taa ya diski inawaka mfululizo na kipanya kinakwama. Ukitazama swapu unaikuta karibu tupu, ukaamini umepona, kumbe diski inafanya kazi ile ile kupitia mlango wa faili. Hilo ndilo linalopotosha wengi. Hata 0 haiizimi swapu. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2012, 0 humaanisha kerneli isubiri hadi nafasi tupu na kurasa za faili zipungue mno ndipo iiguse, yaani katika dakika ambayo mashine imeshalemewa.

Wajuzi wenyewe walitofautiana. Mwaka 2004 Andrew Morton, aliyekuwa akisimamia kerneli ya 2.6, alieleza kwamba mashine yake ameiweka 100, huku wengine wakilalamika kuwa programu walizoziacha wazi usiku zilihamishiwa diski hadi asubuhi. Kila upande ulikuwa na haki yake, kwa sababu jibu hutegemea kazi na aina ya diski.

Diski ndiyo inayoamua zaidi. Hadidiski inayozunguka huchukua milisekunde kadhaa kufikia data, ilhali RAM huhesabu kwa nanosekunde. Hapo naona 60 inatosha, na sioni sababu ya kushuka chini ya 30. Kwenye SSD pengo ni dogo zaidi, na kati ya 60 na 100 ni sawa.

Kwa RAM ya gigabaiti 4, dawa bora ni zram, iliyoingia rasmi kwenye kerneli mwaka 2014 na ambayo Fedora huitumia kama swapu ya kawaida tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Hubana kurasa na kuziacha humo humo kwenye RAM bila kugusa diski. Kwa swapu ya namna hii namba inapaswa kupanda: nyaraka za kerneli zinatoa mfano kwamba swapu yenye kasi mara mbili ya diski ya mafaili inastahili 133. Kumbuka tu kwamba zram haiwezi kubeba hibanesheni, yaani kuizima kompyuta huku hali yake ikihifadhiwa kwenye diski. Anayetumia hibanesheni abakize swapu ya diski pia.

Kabla ya kubadilisha lolote, fungua terminali uandike vmstat 1, kisha fanya kazi zako kama kawaida. Puuza mstari wa kwanza, ambao ni wastani tangu kompyuta iwashwe, uangalie safu za si (kinachorudi RAM kutoka swapu) na so (kinachopelekwa swapu). Swapu kuwa na data iliyotulia si tatizo. Tatizo ni safu hizo kupanda mfululizo huku mashine ikikwama. Ndipo ujaribu kwa sudo sysctl vm.swappiness=100, au namba nyingine inayofaa diski yako, na upime tena. Kompyuta ikizimwa jaribio hilo hufutika, kwa hiyo ukiridhika andika namba yako kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d. Na kama si na so zinabaki sifuri, iache 60 ilivyo, utafute chanzo cha uzito kwingine.