Uthibitisho wa Hatua Mbili na Gharama Zake

Mtu asimamaye kwa wakala wa fedha hapo Mlandizi, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, akabonyeza *150*00# na kisha tarakimu nne za siri yake ili atoe pesa alizotumiwa na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, huwa ametoa ushahidi wa namna mbili pasipo kuhisi: laini iliyomo simuni ni kitu alicho nacho, na namba ya siri ni jambo alijualo, hata mwizi aliyepata moja akaikosa ya pili hana alipatalo.

Kanuni hiyo imezaa biashara kubwa ulimwenguni. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kimarekani ya Security Dynamics, iliyokuja kuitwa RSA, ilianza kuuza SecurID, kidude chenye kioo kidogo ambamo namba mpya huzuka kila baada ya sekunde 60. Na maadamu kila mtumishi alihitaji chake, na betri ikifa hununuliwa kingine, faida ya wauzaji haikukatika. Machi 2011 wadukuzi waliingia katika mitambo ya RSA yenyewe, na imani ya wateja ikatikisika.

Mbadala ulio rahisi kuliko yote ni namba itumwayo kwa ujumbe mfupi, nao hufika hata kwenye kitochi. Ila dhamana yake yote ni laini, na ayari akifaulu kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine, namba zako humfuata yeye. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza nchini Tanzania Mei 2019, ni kizuizi kwa watu wa namna hiyo, lakini haumzuii mteja aliyeghilibiwa kumsomea tapeli namba kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwenye simu janja anaweza kutumia programu kama Google Authenticator, itoayo namba kila sekunde 30 bila malipo, bila bando wala mtandao. Juu yake upo ufunguo wa kuchomeka, mathalani YubiKey wa Yubico, kampuni iliyoasisiwa Sweden mwaka 2007: ufunguo huo huitambua tovuti ya kweli, na tovuti ya hadaa hauijibu kabisa. Mwaka 2018 Google ilitangaza kwamba, tangu iwape watumishi wake zaidi ya 85,000 funguo za aina hiyo, hakuna aliyetekwa akaunti yake ya kazini.

Bei ya ufunguo mmoja ni nzito kwa mkulima mwenye akiba ndogo, naye yamtosha kuificha siri yake na kuupeleka ujumbe wa kitapeli kwenye namba 15040. Ilhali mhasibu atunzaye amana za wanachama mia, akiona gharama hiyo ni kubwa, hajapiga hesabu ya kile anachokilinda.