Sura ya Sita: Mada ya Dakika Kumi na Tano

Oktoba 1925, kwa mwito wa Gavana Donald Cameron, maofisa wa serikali ya Tanganyika na wamisionari walikutana Dar es Salaam kujadili shule za Waafrika. Moja ya kero zilizokuwa mezani ni vitabu. Kila misheni iliandika Kiswahili kwa namna yake, na kitabu cha shule moja hakikufaa kirahisi shule nyingine. Likatoka pendekezo kwamba kiwepo Kiswahili kimoja cha shuleni. Juni 1928 mkutano mwingine, safari hii Mombasa, ukachagua Kiunguja, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifu. Tahajia unayoisoma katika ukurasa huu imetokana na vikao hivyo.

Kwa nini Kiunguja? Watu wa Mombasa walikuwa na hoja nzito za Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi. Lakini Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusambaa bara kwa njia za biashara, tena kilikuwa na vitabu. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alikuwa ametoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na yeye huyohuyo ndiye aliyeongoza msafara wa watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar hadi Masasi mwaka 1876. Kwa hiyo wajumbe walipoketi Mombasa, Kiunguja kilikuwa kimeshakaa nusu karne katika misheni ya Masasi. Mkutano ulithibitisha kazi iliyokwisha kufanyika vijijini. Walioithibitisha walikuwa Wazungu. Walimu Waafrika walioibeba kazi hiyo kila siku hawakuwa na kiti, na Kamati yenyewe ilikaa miaka mingi bila mjumbe Mwafrika.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha kongamano ni kitu gani hasa. Kongamano halizai kazi. Hupokea kazi iliyofanyika mahali fulani, likaipima mbele ya watu wasioijua, likaipeleka mbali au likaiacha njiani. Anayekwenda mikono mitupu akitarajia kupewa mbinu hurudi na mkoba, kalamu na cheti cha ushiriki.

Mwalimu wa Masasi au Newala leo ana milango kadhaa. Wakuu wa shule za sekondari wana TAHOSSA, walimu wakuu wa shule za msingi wana TAPSHA. Mashirika ya elimu hukutana chini ya TEN/MET, mtandao ulioanzishwa 1999. Walimu wa Kiswahili wana CHAKAMA na CHAUKIDU, na BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, huandaa kongamano la kimataifa huko. Wapenzi wa teknolojia walipata eLearning Africa Dar es Salaam mwaka 2011, na tena 2025. Milango hiyo haifanani, na ni vizuri kusema wazi: mikutano ya viongozi ni mikutano ya utawala. Mgeni rasmi atachelewa, risala itasomwa, maagizo yatatolewa, maazimio yatapigiwa makofi. Ina faida zake kwa anayetaka kujua serikali inaelekea wapi. Anayetafuta namna ya kufundisha hesabu za sehemu katika darasa lililofurika asiitegemee sana. Atafute kikao kidogo chenye watoa mada watatu na wasikilizaji ishirini.

Sasa tuje kwenye mada yenyewe. Kosa kubwa hufanyika kabla mtu hajapanda basi, nalo liko kwenye kichwa cha mada. "Changamoto za Ufundishaji wa Kiswahili Tanzania" ni kichwa cha kitabu cha kurasa mia nne. Hakuna mwanadamu anayeweza kukimaliza kwa dakika kumi na tano, na wanaochagua ikisiri wanalijua hilo. Ikisiri ni aya moja, kwa kawaida maneno 250 hadi 300, na msomaji wake anatafuta majibu ya maswali manne tu: wapi, tatizo gani, ulifanya nini, uliona nini. Nchi nzima haimvutii.

Tuseme wewe ni mwalimu wa darasa la pili katika kata ya Mkomaindo, Masasi mjini. Watoto wako wanachanganya l na r katika imla. Walimu wengi huishia kucheka au kuchapa. Lakini tazama ulichonacho mbele yako. Baadhi ya watoto hao nyumbani wanazungumza Kimakua, wengine Kiyao, wengine wameshuka kutoka uwandani na Kimakonde chao. Kimakua kina sauti ya r. Kiyao na Kimakonde hutumia l. Je, watoto hawa wanakosea sawasawa? Mtoto wa Kimakua anachanganya mahali na mahari mara chache kuliko mwenzake wa Kiyao, au kukaa pamoja mjini kumewafanya wote wawe sawa? Simjui profesa yeyote aliye katika nafasi nzuri ya kulijibu swali hilo kuliko wewe, kwa sababu madaftari yako mezani kwako kila jioni.

Basi kazi ni hii. Toa imla moja yenye maneno kama kula na kura, hesabu makosa, yaandike. Fundisha kwa wiki kadhaa kwa njia uliyoichagua: kusikiliza jozi za maneno, kutamka huku mmoja akimsahihisha mwenzake, kusoma kwa sauti. Rudia imla ileile. Weka nakala za kurasa chache za madaftari, majina yakiwa yamefichwa, na mjulishe mwalimu mkuu mapema. Ukitaka kuingia shule nyingine, kuna kibali cha halmashauri. Andika pia kilichogoma. Mada isiyo na kilichogoma haiaminiki, na walimu waliokomaa kazini huinusa tangu sentensi ya pili.

Mfano mwingine uko wazi kwa kila anayeishi ukanda huu: mahudhurio msimu wa korosho unapopamba moto, kuanzia Septemba hadi Desemba, wakati mikono ya watoto inahitajika mashambani. Rejista za miaka michache zinatosha kuanzia. Mwalimu wa Newala akizipeleka rejista hizo mbele ya wenzake wa mikoa ya pamba au tumbaku, ukumbi hautalala.

Dakika kumi na tano ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mzungumzaji wa kawaida, asiyekimbia, hutamka maneno kama 120 kwa dakika. Hiyo ni jumla ya maneno 1,800, yaani kurasa sita hivi. Mtu aliyeleta makala ya kurasa ishirini na kuanza kuisoma kama risala ya Mwenge atakatizwa na mwenyekiti wa kikao kabla hajatoka kwenye utangulizi, na kilichomtoa nyumbani kitabaki kwenye bahasha. Tumia dakika mbili kueleza shule na tatizo, kisha ingia kazini. Sehemu kubwa ya muda iwe ya yale uliyoyafanya na uliyoyaona. Nadharia za waandishi wa ng'ambo zipe sentensi mbili, ikiwa lazima. Malizia na swali ambalo bado linakusumbua, maana ndilo litakalowafungua wasikilizaji midomo.

Kuhusu slaidi nina neno moja tu: umeme hukatika. Chapisha ukurasa mmoja wenye jedwali lako na picha ya daftari, ugawe. Projekta ikikataa, wewe utaendelea.

Kusikiliza nako kuna ufundi wake, tena ndiko wengi tunakolegea. Katika kila kikao andika vitu viwili pekee: mtoa mada alifanya nini darasani, na kipi kati ya hivyo utakijaribu shuleni kwako. Kikikosekana cha pili, funga daftari bila kinyongo. Na wakati wa maswali, usisimame kutoa hotuba ya pili. Uliza swali fupi ambalo mwalimu wa Tanzania ana haki ya kuliuliza kabla ya yote: darasa lako lina watoto wangapi? Mbinu nyingi nzuri zilizaliwa katika madarasa ya watoto ishirini na tano, na jibu la swali hilo litakuokoa na safari ndefu. Kisha wakati wa chai mtafute yule aliyesema mbinu yake ilishindwa. Huyo ana mengi ambayo hakuyasema jukwaani.

Baada ya hapo kuna mrejesho, na hapa ndipo kongamano huishi au hufa. Mazoea yetu ni kwamba aliyesafiri anampa mkuu taarifa ya ukurasa mmoja, inaingia kwenye faili, basi. Hali hiyo ina njia ya kubadilika bila kusubiri bajeti mpya. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unataka kila shule iwe na Jumuiya ya Kujifunza, ambapo walimu hukutana kujadili ufundishaji wao wenyewe. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na moduli za mafunzo zimewekwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi. Lakini kishikwambi hakimwulizi mtu swali la papo kwa papo. Mwenzako wa chumba cha pili anamwuliza.

Wajapani wanalijua jambo hili tangu karne ya 19. Walimu wao huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha, waliobaki hukaa nyuma ya darasa wakiwatazama watoto badala ya mwalimu, kisha hujadili walichokiona na kulirekebisha somo. Zambia iliupokea utaratibu huo mwaka 2005 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na kuufanya sehemu ya mafunzo ya walimu kazini. Hakuna ukumbi wa kukodi, hakuna tiketi ya basi. Mwalimu aliyerudi kutoka kongamano Zanzibar anaweza kuleta alichokisikia kwenye kikao cha namna hiyo ndani ya wiki moja, akakijaribu mbele ya wenzake, na wao wakamwambia ukweli. Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Kitangali, Newala, wako jirani. Hakuna sababu wasialikwe.

Lipo na suala la posho, ambalo watu hulizungumza nje ya ukumbi tu. Mtwara imepitiwa na miradi mitatu mfululizo ya USAID: TZ21 iliyoanza 2011, Tusome Pamoja kuanzia 2016, na Jifunze Uelewe kuanzia 2021. Walimu wengi wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, walinolewa humo, na si haki kuidharau kazi hiyo. Lakini miradi hiyo pia ilizoesha watu kwamba kujifunza ni semina, na semina ni posho ya siku. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya USAID. Shule ambayo walimu wake walikuwa wamejenga mazoea ya kukutana wenyewe ilibaki na mikutano yake. Iliyongoja mwaliko ilibaki inangoja.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni mwalimu mkuu au mwalimu wa taaluma, tenga saa moja katika ratiba, kila baada ya wiki mbili, ambayo haitaguswa na matangazo wala michango. Mwalimu mmoja atoe mada ya dakika kumi na tano kuhusu watoto wake mwenyewe, madaftari yakiwa mezani. Wa kwanza awe wewe.