Mwamba wa Tororo: Lindo Juu ya Mpaka

Mtu aingiaye Uganda kwa njia ya Malaba, awe ndani ya basi au juu ya lori la mizigo, huuona Mwamba wa Tororo kabla hajauona mji wenyewe. Umesimama peke yake katika nchi tambarare, mithili ya jino moja lililobaki kinywani mwa mzee. Kilele chake kipo mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, nao mji uliolala miguuni pake upo chini yake kwa mita zipatazo 300. Askari wengi wamepita hapo wakienda kazini au wakirudi likizo. Wameutazama kwa dirisha la gari, kisha wakageuza shingo. Makala haya yanawaomba washuke garini siku moja, wafunge kamba za buti, wapande.

Wataalamu wa miamba wanatueleza kwamba mwamba huu ni kiini cha volkano ya kale. Moto ulipozimika, mvua na upepo vililimomonyoa ganda la nje kwa mamilioni ya miaka, kikabaki kile kizibo kigumu cha kooni. Vilima vya Sukulu, kusini mwa mji, ni ndugu zake wa tumbo moja, na Mlima Elgon ni wa ukoo huohuo. La kustaajabisha zaidi ni chokaa yake. Chokaa ya Bamburi kule Mombasa ni mabaki ya matumbawe ya baharini. Hii ya Tororo ilipanda kutoka tumboni mwa ardhi ikiwa bado moto. Ndiyo iliyoleta kiwanda cha saruji hapa katika miaka ya 1950. Sukulu nayo ikajulikana kwa fosfeti, madini yatengenezwayo mbolea.

Njia ya kupandia huanza kwa upole. Kwanza ni kijia kati ya miti na vichaka, penye kivuli na majani makavu yanayolia chini ya buti. Kuruta huanza kuimba hapo, wala simkatazi, maana najua hataimba muda mrefu. Baada ya hapo udongo huisha na jiwe huanza, mwinuko huzidi, na mahali palipo wima zimewekwa ngazi. Mwenye mapafu mazuri hufika kileleni kwa muda wa saa moja hivi. Atakayekwenda kwa kundi na atoe taarifa kwanza kwa wakuu wa mahali, kwani huko juu pana milingoti ya mawasiliano, na si vema watu waliovaa magwanda waonekane wakiizunguka pasipo mtu kujua sababu.

Ndugu msomaji, juu ya ngazi hizo nina la kuungama. Nilipokuwa luteni mgeni, mwenye nyota moja begani na majivuno ya nyota tatu, nililileta hapa kundi la vijana nikawapandisha kwa mashindano. Niliwagawa sehemu mbili, nikatangaza kwamba watakaotangulia kufika watasamehewa kazi za jioni. Ilikuwa saa nane mchana. Wenye nguvu walitangulia, wenye pumzi fupi wakaachwa nyuma, na mimi nilikuwa mbele pamoja na wenye nguvu, nikiitazama saa yangu. Wingu lilikuja kutoka upande wa ziwa kwa haraka nisiyoitazamia. Mvua ilipoanza nilipiga filimbi ya kushuka, na wale waliokuwa wakipanda wakakutana na waliokuwa wakishuka katika ngazi ileile. Kijana mmoja aliteleza, mguu wake ukavunjika juu ya kifundo. Tulimteremsha kwa machela ya makoti mawili na miti miwili, nasi tulitumia saa tatu kwa kazi hiyo, ngurumo zikipiga na vyuma vikiwa vimelowa mikononi mwetu.

Ripoti iliandikwa kwamba ilikuwa ajali. Mwandishi wake nilikuwa mimi. Kijana yule alirudi kazini baada ya miezi kadhaa, lakini si katika kikosi cha kutembea. Alipangiwa ghalani, akawa anawagawia wenzake buti.

Kwa hiyo siku hizi mimi huanza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa sita mchana hunikuta nimekwisha kushuka. Watu wa bonde la Ziwa Viktoria wanaijua radi ya alasiri. Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 ndani ya darasa. Mtu aliye juu ya mwamba mtupu, kando ya milingoti ya chuma, hana hata darasa la kujisitiri. Kadhalika, mtu dhaifu kuliko wote humweka wa pili kutoka mbele, nyuma ya mwongoza njia, yeye ndiye awe kipimo cha mwendo wetu. Koplo mzoefu hukaa mwisho na kuhesabu vichwa. Ngazi hupandwa na mtu mmoja mmoja, na anayefuata haigusi mpaka aliyetangulia ameita jina lake kutoka juu. Wapo maofisa wanaoona huu ni utaratibu wa mabibi vizee. Ningependa wangekuwapo siku ile ya machela.

Juu, upepo humpiga mtu usoni na jasho hukauka papo hapo. Kusini, vikivuka vilima vya Sukulu, macho hufuata upande wa Busia, na asubuhi iliyotakata Ziwa Viktoria huonekana kama bamba la bati lililosahauliwa juani. Mashariki ni Kenya. Mpaka wenyewe hauonekani. Ni mito, Malaba huku na Sio kule, nayo kwa mbali haina tofauti na mito mingine. Ng'ambo zote mbili wanaishi Iteso, wenye lugha moja na mashamba yanayofanana. Nimekwisha kuona ofisa kijana akishika ramani na kuuliza kwa dhati kabisa mstari uko wapi.

Reli na barabara, kinyume chake, huonekana wazi. Reli iliyotoka pwani inaingia kwa Malaba, inafika Tororo na kuchana njia mbili: moja kwenda Jinja na Kampala, nyingine kaskazini kupitia Mbale hadi Soroti, ilikofika mwaka 1929, na baadaye Gulu na Pakwach. Mtu akiitazama njia panda hiyo kutoka juu, hahitaji mwalimu kumweleza kwa nini mji mdogo namna hii umewahi kupiganiwa. Machi 1979, wakati wa vita vilivyouangusha utawala wa Idi Amin, waasi waliingia kutoka Kenya wakaishambulia ngome ya Tororo. Askari wengi wa ngome hiyo waliasi wakajiunga nao. Haikupita siku nyingi kabla majeshi yaliyobaki upande wa Amin hayajarudi na kuwashinda. Waliouana hapo walikuwa Waganda kwa Waganda, na wengi wao walikuwa wamekula chungu kimoja.

Kaskazini mashariki umeketi Elgon. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, na aghalabu kimefunikwa na wingu. Chini ya wingu, kwenye mabega ya mlima, ndiko iliko Bududa. Kila nikifika hapa huwaonyesha vijana upande huo, hata kama ukungu hauwaruhusu kuona kitu. Machi 1, 2010, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, mamia ya watu wakafukiwa. Mitambo mikubwa haikuweza kufika. Askari walitumwa, wakapanda kwa miguu pamoja na wanakijiji, wakachimba kwa majembe, sepetu na mikono. Miteremko ile ni mikali kwa maumbile, na sehemu nyingi ilikwisha kuvuliwa miti ili watu wapate mashamba. Mtu mwenye watoto saba na shamba la ukubwa wa uwanja wa mpira hukata mti akijua anachokifanya. Askari aliyechimba Nametsi haoni tena msitu wa mlimani kuwa ni mandhari tu.

Baada ya kupumzika ndipo kazi huanza. Kila mmoja hupewa karatasi na penseli, hukaa kimya dakika kumi akitazama, kisha huchora alichokiona. Dira na ramani hubaki ndani ya shanta. Wengi huanza na Elgon, kwa sababu ni kubwa, halafu huweka mashine za kiwanda cha saruji, halafu hutafuna penseli. Safari ya mwisho tulikuwa na konstebo mmoja wa polisi, mwenyeji wa nchi hii ya Padhola, mtu asiyesema sana. Karatasi yake haikuwa na Elgon hata kidogo. Ilikuwa na mistari myembamba, kama nyufa za kikombe, itokayo kwenye mashamba ya upande wa mashariki, ikizunguka kinamasi na kupotea kuelekea mto Malaba.

Nilimuuliza mlima ameuacha wapi.

“Afande,” akasema, “watu hawapiti juu ya mlima.”

Ile mistari ilikuwa njia za panya. Alinionyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine: huu hupitika masika na kiangazi, huu hufa mvua ikinyesha, huu ni wa wanafunzi na kina mama waendao sokoni, na ule pale, unaoonekana kuwa mdogo kuliko yote, ndio wa magendo, kwa sababu hauna nyumba kando yake. Nimepanda mwamba ule mara nyingi kuliko yeye, nikiwa na darubini shingoni, na njia ile sikuwa nimewahi kuiona. Nilimwomba karatasi yake nikaikunja na kuiweka mfukoni, nikampa karatasi nyingine awachoree na wenzake.

Tulishuka kwa utaratibu uleule, majina yakiitwa ngazi kwa ngazi, koplo akihesabu nyuma. Kuruta aliyekuwa wa pili kutoka mbele aliomba kushuka ngazi ya mwisho kwa kurudi kinyumenyume, macho yakiutazama mwamba, nasi tukamngoja. Tulifika barabarani saa tano na nusu. Wingu la kwanza lilikuwa limekwisha kuketi juu ya Elgon.