Mfuko wa Mahindi Usitupwe Baada ya Msimu Mmoja

Msimu wangu wa kwanza kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, yalipoisha nikaichoma mifuko yote jalalani. Msimu uliofuata nikanunua mingine kumi. Hela imeenda bure, na plastiki iliyoyeyuka iko nyuma ya nyumba mpaka leo.

Mfuko huu una tabaka tatu: mbili za nailoni nzito ndani, na kiroba nje. Ukifungwa vizuri, wadudu humaliza oksijeni iliyomo, dumuzi na fukusi wanakufa bila dawa. Kama hauna tundu, unatumika hata misimu mitatu. Tuseme umenunua kwa sh. 5,000: kila msimu unakugharimu kama sh. 1,700 tu.

Ili udumu:

1. Kausha vizuri. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.
2. Pepeta. Vipande vya magunzi hutoboa nailoni.
3. Toa hewa, funga kila tabaka peke yake.
4. Panga juu ya chaga, na dhibiti panya.

Kabla ya kuutumia tena, jaza nailoni hewa kama puto, kisha bonyeza. Hewa ikitoka, hiyo usihifadhie tena. Kiroba kikichanika, badilisha hicho tu.

Kwa hiyo kabla hujaenda dukani mwaka huu, kagua kwanza mifuko ya mwaka jana.