Monita Ina Ukungu? Usikimbilie Kununua Nyingine

Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilipangiwa shule moja ya sekondari huko Masagati. Kwa wasiopajua: unapita Ifakara, unashika njia ya Mlimba kwa basi au kwa treni ya TAZARA, halafu unatafuta bodaboda ya kwenda ndani. Mvua ikinyesha unashuka, mnasukuma wote. Fundi kompyuta wa kumpigia simu akafika jioni, hayupo.

Ofisi ya taaluma ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, yenye monita ya mraba ya inchi 17. Maandishi yake yalikuwa na ukungu. Si vumbi, maana nilifuta. Herufi zenyewe zilionekana kama zimelowa maji, na 6 ukiitazama haraka ni 8. Mwalimu wa taaluma alikuwa akichapa saa mbili tu, anatoka anabonyeza macho, kichwa kinamgonga. Alikuwa na miaka 48 na alishaanza kusema, "Kijana wangu, hizi mashine ni zenu. Mimi zinanimaliza macho."

Ndipo likatokea la mtihani. Kidato cha Pili walikutana na swali: tafuta x ikiwa x² + 5x + 8 = 0. Mwalimu alikuwa ametunga 6, na majibu ni -2 na -3. Kwa 8 swali halina jibu kwa namba wanazozijua watoto wale. Wengine walikaa nalo mpaka muda ukaisha. Alisoma karatasi mara mbili kwenye kioo kabla ya kuprinti, na hakuona kosa. Iliamuliwa inunuliwe monita mpya, kwa hela iliyotengwa kwa karatasi za mitihani. Nikamwomba Mwalimu anipe siku moja kwanza.

Swali la kwanza: kosa liko wapi?

Kabla hujagusa kitu, fanya majaribio mawili ya bure. Moja, mwite mtu mwingine akae ulipokaa. Yeye akiona ukungu uleule, kioo kina kosa. Mbili, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi, uifungue kwenye simu. Kama kwenye simu maandishi ni safi, mafaili yako ni mazima. Tatizo liko kati ya kompyuta na macho yako. Sisi tuliona wote ukungu, na kwenye simu picha ilikuwa safi.

Mpangilio wa nukta

Kioo bapa kimetengenezwa kwa nukta zenye idadi maalumu, ambazo haziongezwi wala kupunguzwa. Hiki cha kwetu kilikuwa na 1280 kwa upana na 1024 kwa urefu. Lakini kompyuta ilikuwa imepangwa itume picha ya 1024 kwa 768. Maana yake, kila nukta ya picha ilitakiwa ikae kwenye nukta moja na robo ya kioo kwa upana. Robo ya nukta haipo, kwa hiyo kioo kinachanganya rangi za majirani. Ukingo mweusi wa herufi unageuka kijivu, na huo ndio ukungu.

Kurekebisha ni dakika moja. Kwenye Windows bofya kulia mahali patupu, ingia "Display settings", tafuta "Display resolution", chagua ile iliyoandikwa "Recommended". Ikiwa namba ya kioo chako haimo kabisa kwenye orodha, mara nyingi ni kwamba Windows iliwekwa upya bila draiva ya picha. Weka draiva, namba itatokea.

Waya, kisha mwanga

Kama ukungu bado upo, angalia waya. Waya wa VGA, wenye kichwa cha pini 15 kinachofungwa kwa skrubu mbili, husafirisha picha kama mawimbi, na monita inabidi ikisie kila nukta inaanzia wapi. Ikikosea kidogo, herufi zinapata vivuli. Kaza skrubu, fungua ukurasa uliojaa maandishi, kisha bonyeza kitufe cha "Auto" kwenye monita ili ipime upya. Waya wa HDMI hauna shida hiyo. Pia andika "ClearType" kwenye sehemu ya kutafuta, ufuate maelekezo yake ya kunyoosha herufi.

Baada ya hapo rekebisha mwanga. Shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo. Kioo kikiwaka kama taa, punguza. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma yako. Kaa umbali wa mkono ulionyooka. Na tukitazama kioo huwa tunapepesa macho mara chache, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20.

Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, ile ambayo wengine wanainunulia bumu: mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ukilinganisha na miwani ya kawaida. Hiyo hela kula.

Sasa sikieni lililonishangaza

Niliporudisha namba sahihi, maandishi yakawa makali kama ya kitabu. Nikamwita Mwalimu kwa furaha. Akatazama, akarudisha kichwa nyuma, akasema, "Sasa umeyafanya madogo. Ndiyo maana mimi niliyakuza."

Yeye ndiye aliyeshusha namba, miaka miwili nyuma, ili herufi ziwe kubwa. Ukungu wa kioo ulikuwa umezaliwa na macho. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho inakuwa ngumu na kushindwa kujikunja kuona vya karibu. Si ugonjwa wa aibu, na haukuletwa na kompyuta.

Kwa upande wa kioo, tuliacha namba sahihi, tukaenda kwenye "Scale" tukaweka asilimia 125. Hapo herufi zinakuzwa bila kuchanganya nukta. Kwa upande wa macho, alishuka Ifakara akapimwa. Mtu anayekwenda kupimwa aseme kwamba anatumia kompyuta, apime na umbali anaokaa. Miwani ya kusomea kitabu hutengenezwa kwa takribani sentimita 40, na monita huwa mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo yaweza kukuletea ukungu mpya.

Na wewe wa miaka 22, usicheke. Kioo kikiwa sawa, wenzako wanasoma vizuri, na wewe bado unakunja uso, nenda kapime. Usishushe namba ya kioo ili kuficha.

Wiki yangu ya mwisho Mwalimu alichapa jaribio la Kidato cha Pili mwenyewe. Kabla ya kuprinti aliniita, akaweka kidole kwenye kioo juu ya namba moja. "Hii ni ngapi, mwalimu mwenzangu?" Nikasema sita. Akasema, "Hata mimi naona sita," akabonyeza kuprinti. Monita mpya haikununuliwa.